Tembe la Kwihara: Hazina ya Njia ya Misafara

Miongoni mwa huduma za umma zilizo karibu na wakazi wa Kitete, lakini zisizotumiwa ipasavyo, ni makumbusho ya Kwihara, yaliyopo kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora.

Jengo lenyewe ndilo kielelezo cha kwanza. Ni tembe la karne ya 19: kuta nene za udongo, paa la bapa, ua wa ndani na milango ya mbao iliyonakshiwa kwa mtindo wa pwani. Nyumba za aina hiyo zilijengwa na wafanyabiashara waliofuata njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, wakitafuta pembe za ndovu na watumwa.

Henry Morton Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871, wakati wa vita kati ya wafanyabiashara Waarabu na Mtemi Mirambo. Februari 1872 alirudi pamoja na David Livingstone, ambaye alibaki hapo akingoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Ndani zimehifadhiwa kumbukumbu za wageni hao, zikiwemo nakala za barua na ramani.

Hata hivyo, historia ya nyumba hii si ya wageni peke yao. Misafara ilibebwa mabegani na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake. Walipofika Unyanyembe walishauriwa wauzike hapo; wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874.

Mwaka 2006 Kwihara iliingizwa, pamoja na vituo vingine vya njia hiyo, katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia.

Adui mkubwa wa tembe ni maji. Mvua ikipenya paa, ukuta wa udongo hulainika na kumomonyoka. Ukianguka, ukuta mpya hauwi tena ushahidi wa kale. Kwa hiyo wananchi wanaombwa wasichimbe udongo wala kuondoa mbao, milango au matofali katika maeneo ya kale. Anayekuta kitu cha zamani shambani akiache mahali pake na kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au mtaa.

Walimu wanaokusudia kupeleka wanafunzi wawasiliane mapema na Afisa Utamaduni wa Halmashauri. Wazee wenye masimulizi ya wapagazi katika koo zao nao wanakaribishwa, kwani simulizi isiyoandikwa huzikwa na mwenyewe.