Damu mbaya: Kabla hujakimbilia chuku na moto

Ukilalamika maumivu ya kichwa siku tatu mfululizo hapa Galbet, jirani huenda akakushauri ufanyiwe hijama, yaani uumikwe kwa chuku ili damu mbaya itoke. Mtoto akiwa na macho ya manjano, wapo wazee watakaoshauri achomwe kwa chuma cha moto. Je, mawazo haya yalianzia wapi?

Si ujinga. Ni elimu kongwe. Waganga wa Uyunani, hasa Hippocrates na Galen, walifundisha kuwa mwilini mna maji ya aina nne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Moja likizidi mtu huugua, na tiba ni kulipunguza. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliipanga elimu hiyo katika kitabu chake, Al-Qanun, kilichosomeshwa hata Ulaya kwa karne nyingi. Kiswahili nacho kilirithi maneno yake: balghamu, na safura, ambalo kwa Kiarabu ni nyongo ya manjano.

Baadaye wataalamu walianza kuchunguza badala ya kukariri. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, mwalimu wa Padua, Italia, alichapisha kitabu juu ya umbo la mwili baada ya kupasua maiti kwa mikono yake. Alionyesha kuwa mengi aliyoandika Galen yalitokana na miili ya wanyama.

Mwaka 1628 Mwingereza William Harvey, aliyesomea Padua, alipiga hesabu. Damu inayosukumwa na moyo kwa nusu saa inazidi damu yote iliyomo mwilini. Basi haiwezekani iwe inatengenezwa upya kila mara kutokana na chakula, kama Galen alivyodhani. Ni ile ile inayozunguka.

Ajabu ni kwamba Harvey mwenyewe hakuacha kuwatoa wagonjwa damu. Ilichukua hadi mwaka 1835 ndipo Pierre Louis wa Paris akachapisha hesabu za wagonjwa wa nimonia waliotolewa damu, akaonyesha kuwa faida yake ilikuwa ndogo mno.

Hesabu hizo zakuhusu wewe. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi. Mtoto wa kilo 10 hana hata lita moja. Mtoto aliyepauka, au mama mjamzito mwenye upungufu wa damu, hana ya kumwaga.

Macho ya manjano nayo ni dalili tu. Chanzo chaweza kuwa malaria au homa ya ini, na kwa kitoto kichanga yahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Mwaka 2012 homa ya ini ya aina E ilizuka katika kambi za Dadaab. Huenezwa na maji machafu, na ni hatari sana kwa wajawazito. Moto hauui virusi vilivyomo ndani ya ini. Huacha kidonda tu.

Simkatazi mtu mzima mwenye afya kufanya hijama. Lakini hakikisha wembe ni mpya na vikombe havijatumiwa na mwingine, kwani homa ya ini ya aina B na Ukimwi hupitia kwenye damu. Na kama unaumwa, pima kwanza.