Rangi ya Kumuaga Binti

Kikao cha kwanza cha sendofu mara nyingi hakianzi na chakula, huanza na rangi. Mwenyekiti anataka kufungua daftari la michango, katibu ameshashika kalamu, na kina mama walioketi mkekani wameanza zamani: upande wa baba uvae nini, upande wa mama uvae nini, na mashangazi je, wavae yao peke yao? Kapalamsenga, kule wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi, hakuna tofauti na sehemu nyingine nyingi za Tanzania bara kwa hili. Binti anayeolewa huagwa na kwao kabla ya siku ya ndoa, ndiyo sendofu, na wanaomuaga huvaa rangi waliyokubaliana. Wazee wengine hulalamika kwamba haya ni mambo ya mjini yaliyopanda gari. Ni kweli yametoka mjini. Lakini huku yamekuta kazi iliyokuwa inasubiri mtu wa kuifanya.

Katavi ina watu wa kila upande. Wabende, Wapimbwe na Wakonongo ni wa hapa tangu zamani, na Wafipa ni majirani wa kusini waliozoeleka. Karema, kwenye ufuo wa Ziwa Tanganyika, ilikuwa kituo cha Wabelgiji tangu 1879, kisha ikawa misheni ya mapadri wa Kikatoliki kuanzia 1885, na misheni huvuta watu. Madini ya risasi ya Mpanda yalileta reli kutoka Kaliua, na reli ikaleta wafanyakazi. Wasukuma walishuka na ng'ombe wao kutafuta malisho na mashamba. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa makazi Katumba, na baadaye Mishamo, na kuanzia 2014 maelfu yao walikabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Mkoa wenyewe umezaliwa juzi tu, mwaka 2012.

Sasa chukua binti mmoja ambaye baba yake ni Msukuma, mama yake Mbende, na jirani aliyemlea kama mama ni mzaliwa wa Mishamo. Huyu ataagwa kwa mila ya nani? Wasukuma watataka ngoma yao na watataja ng'ombe wa mahari mmoja mmoja. Ujombani watataka maneno yao ya kumkabidhi mtoto. Kila nyumba ina haki yake, na usiku ni mmoja. Nimeona vikao vikikwama hapo. Kinachokwamua ni nguo: ngoma zitapigwa kwa zamu, hotuba zitagawanywa, lakini watu wote wa binti watavaa kitu kimoja, na atakayeingia mlangoni atajua hawa ndio kwao.

Mwenye neno la mwisho juu ya rangi ni shangazi mkubwa, dada wa baba. Mama wa binti hushauri, ila hashindani na wifi yake hadharani. Rangi hupendekezwa kwa majina ambayo kila mtu anayaelewa: damu ya mzee, maji ya bahari, jani la mgomba, dhahabu. Kisha hutumwa mtu Mpanda mjini na kipande cha kitambaa mkononi, asije akaleta nyekundu mahali pa damu ya mzee. Vitenge vinasifiwa kwa asili yake, na vile vinavyosemwa vimevuka ziwa kutoka Kongo hupewa heshima ya pekee. Sherehe nyingi hupangwa kiangazi, baada ya mavuno, wakati tumbaku au mpunga umeshauzwa na barabara imekauka.

Halafu ni zamu ya fundi. Barazani kwake kunajaa: mmoja anataka mikono ya puto, mwingine gauni la kubana magotini na kuachia chini, bibi anataka mshono wake uleule wa siku zote na lemba. Wanaume hutosheka na shati, au hata tai ya rangi ile. Mabaki hayatupwi. Watoto hushonewa sketi na vifulana kwa vipande vilivyobaki, ndiyo maana mtoto wa miaka mitatu naye anaonekana amekuja kumuaga dada yake.

Hapa lazima niseme jambo linaloniuma. Yupo mama mdogo ambaye hana hela ya yadi sita wala ya mshono, na siku ya sherehe anabaki jikoni kwa sababu nguo yake haifanani. Amepika tangu alfajiri, amechota maji, amemlea binti huyo mgongoni, na kwenye picha hayumo. Ukoo unaoruhusu hilo umevunja kile ilichowekewa sare. Kwa hiyo nawaunga mkono wanaotangaza rangi badala ya kitambaa kimoja cha duka moja. Ukitaja rangi, mwenye kitenge cha bei atavaa, mwenye kanga kuukuu ya rangi hiyo ataifua na kuivaa, na wote watasimama mstari mmoja. Wako mashangazi wanaokwenda mbali zaidi, wananunua doti za ziada kimyakimya na kumpelekea mhusika nyumbani kabla hajaombwa aseme hana. Hao nawavulia kofia.

Jioni yenyewe, turubai limefungwa na muziki umewaka, thamani ya ile kazi huonekana. Binti huingia na mpambe wake, akitembea taratibu kwa kucheza. Upande wa kwao umesimama kwa rangi moja, wakwe wamekuja na yao. MC humtuma binti amtafute mwenzi wake kati ya wageni, naye hupita meza hadi meza akijifanya hamwoni, watu wakipiga vigelegele, mpaka amvute kijana mbele na kumtambulisha kwa wazazi. Keki hukatwa, wazazi hulishwa, kisha wakwe. Mishono huzungumza pia kwa namna ya kila nyumba: wanawake wa asili ya Burundi huja na imvutano, kitambaa kimefungwa begani upande mmoja, na kama ni cha rangi iliyotajwa hakuna anayeuliza wao ni nani pale.

Wakati wa zawadi kila kundi huingia likicheza, mashangazi na masufuria, wajomba na godoro, marafiki na bahasha. Mama hujikaza mpaka wimbo fulani upigwe, kisha hulia, na wenzake wa rangi moja humzunguka.

Baada ya hapo nguo haifi. Huvaliwa kanisani Jumapili, mnadani, hata msibani, na mtu akiiona hukumbuka ni ya sendofu ya nani. Jirani aliyepewa kitambaa cha ukoo naye ameingia. Mahari ya binti anayefuata ikijadiliwa, anaitwa kikaoni kama ndugu, anapewa kiti, na anatarajiwa kutoa mchango na kusema neno.