Kisite: Bustani ya baharini isiyotaka kukanyagwa

Na Mwandishi Wetu

FAMILIA nyingi za bara zinapoteremka Mombasa wakati wa likizo huwa na ratiba ile ile. Hutembelea Fort Jesus, hupiga picha chini ya pembe za ndovu za barabara ya Moi, watoto hupandishwa ngamia ufuoni, na jioni baba hukunja suruali akachovya miguu majini. Bahari yenyewe huachiwa wageni.

Wapo wanaoamini kwamba kuvaa miwani ya kuzamia na kuwatazama samaki kwao chini ni mchezo wa wazungu, au wa watu waliozaliwa wakijua kuogelea.

Dhana hiyo haina msingi. Motaboti inayoondoka Shimoni saa tatu asubuhi inaweza kumrudisha nchi kavu alasiri mtoto wa Umoja au wa Eldoret akiwa ameona kwa macho yake yale anayoyasoma katika kitabu cha Sayansi. Hahitaji ubingwa wowote. Anahitaji jaketi la kuokolea maisha linalomtosha, na sharti moja alishike tangu anapoingia majini hadi anapotoka: asisimame.

Sababu ya sharti hilo tutaiona. Kwanza, safari yenyewe.

Kufika Shimoni

Shimoni ni kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, karibu kilomita 80 kusini mwa Mombasa, si mbali na mpaka wa Tanzania. Jina lake linatokana na mapango yaliyo hatua chache tu kutoka gatini, ambamo inasimuliwa kwamba watumwa walifungiwa wakingoja vyombo vya kuwavusha. Mapango hayo husimamiwa na wanakijiji wenyewe, na mwenye saa moja ya ziada asiyapite.

Barabara ya Dongo Kundu sasa inamwezesha mwenye gari kufika pwani ya kusini bila kupanga foleni kwenye feri ya Likoni. Msafiri wa matatu huvuka feri, akapanda gari la Lunga Lunga na kushuka Kanana, ambako bodaboda humfikisha Shimoni.

Mbele ya Shimoni, ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, kimelala kisiwa cha Wasini, chenye urefu wa kilomita 5 hivi na kisicho na barabara ya magari. Nyuma ya Wasini, upande wa bahari kuu, ndiko iliko Mbuga ya Majini ya Kisite, yenye ukubwa wa kilomita 28 za mraba. Jirani yake ni Hifadhi ya Mpunguti, ya kilomita 11 za mraba. Zote mbili zimo mikononi mwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Ndani ya Kisite hairuhusiwi kuvua samaki hata mmoja. Mpunguti wanaruhusiwa wavuvi wanaotumia zana za jadi.

Jahazi hufika Kisite baada ya saa nzima hivi. Motaboti huchukua nusu saa au pungufu.

Bahari ina saa yake

Mtu wa bara huangalia saa ya mkononi. Mwenyeji wa Shimoni huangalia mwezi.

Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Siku hizo mkondo huwa na nguvu, na maji yakipwa kabisa matumbawe hukaribia tumbo la anayeelea. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua mbili, bahari huwa pole. Hizo ndizo zinazomfaa anayeanza.

Kwa hivyo ukipiga simu kuulizia safari, usianze na bei. Uliza siku hiyo maji yakoje. Nahodha anayeijua kazi yake atakujibu papo hapo.

Msimu nao una neno lake. Kuanzia Novemba hadi Machi, upepo wa kaskazi ukivuma, bahari hutulia na maji huwa maangavu. Hii ina maana kwamba likizo ndefu ya Novemba na Disemba ndiyo bora kwa familia. Likizo ya Aprili huangukia masika, mito inapomwaga matope baharini. Ile ya Agosti huangukia kusi, mawimbi yanapoinuka, ingawa ndio wakati ambapo nyangumi hupita pwani yetu.

Nahodha akisema leo haendeki, usimbembeleze wala usimwongezee pesa. Anayekubali kwa sababu ya noti ya ziada ndiye wa kuogopwa.

Kabla ya kupanda

Mzazi asione haya kuwa msumbufu gatini. Boti iwe na leseni. Ihesabu idadi ya abiria na uilinganishe na viti vilivyomo. Uliza kama kuna injini ya akiba, na nahodha atawasiliana na nani ikizimika.

Kisha jaketi. La mtu mzima halimfai mtoto: akiingia majini litapanda hadi masikioni na yeye atelezee chini. Mvishe, lifunge mikanda yote, halafu linyanyue kutoka mabegani. Likimpita kidevu, dai jingine. Kama hakuna la kimo chake, mtoto huyo haendi siku hiyo, hata kama pesa zimekwisha kulipwa.

Ada ya mbuga hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, na raia wa Kenya hutozwa kidogo kuliko wageni, kwa hiyo usisahau kitambulisho. Uliza pia mapema kama bei uliyotajiwa ni pamoja na ada hiyo, vifaa na chakula cha mchana. Ugomvi mwingi wa gatini huanzia hapo.

Mavazi yawe fulana ya mikono mirefu na suruali nyepesi ya kubana. Anayeelea kifudifudi huchomwa na jua mgongoni na nyuma ya miguu bila kujua, awe mweupe au mweusi. Nguo humkinga vizuri, nayo haimwagi mafuta majini.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Katika motaboti, mwenye kuumwa na bahari aende tezi, yaani nyuma, kwa sababu omo ndiyo inayopigwa zaidi na mawimbi. Akaze macho kwenye upeo wa bahari, wala si kwenye simu yake. Mama mjamzito au mwenye maumivu ya mgongo heri apande jahazi, kwa maana motaboti huruka na kutua kwa kishindo.

Njiani mkibahatika mtawaona pomboo, ambao ni wenyeji wa maji haya. Nahodha mzuri hupunguza mwendo na kuwaacha wapite. Pomboo ni mnyama anayenyonyesha na kuvuta hewa kama sisi. Akifukuzwa na boti tatu kwa pamoja hupotezana na mtoto wake, hukosa kupumzika, na mwishowe hulihama eneo hilo.

Uso majini, miguu juu

Kisite yenyewe ni kisiwa kidogo cha mawe kilichozungukwa na miamba ya matumbawe. Boti hufungwa kwenye boya lililowekwa, kwani nanga ikitupwa huvunja matumbawe yaliyo chini.

Miwani ya kuzamia hufunika macho na pua pamoja. Itemee mate kidogo ndani, isugue, isuuze, haitaingia ukungu. Mrija hukaa mdomoni. Kazi yote ni kupumua polepole kwa mdomo, uso ukiwa ndani ya maji na jaketi likikubeba. Maji yakiingia mrijani, puliza kwa nguvu yatoke. Mazoezi ya dakika kumi kando ya boti, mkono mmoja ukiwa umeshika kamba, humtosha mtu mwingi. Na kila mtu awe na mwenzake. Hakuna kwenda peke yako.

Katika safari tuliyoandamana nayo alikuwamo msichana wa darasa la saba kutoka Nairobi, ambaye hakuwahi kuingia maji ya kupita magoti. Aling'ang'ania kamba huku akilia kwamba anazama, ilhali jaketi lilikuwa limemweka juu kama kizibo. Kiongozi wa wageni hakumvuta. Alimwambia tu atumbukize uso na kuhesabu samaki. Alipofika thelathini na kitu aliacha kuhesabu, na kamba alikuwa ameiachilia zamani.

Alichokiona si haba. Vitatange wa manjano na mweusi hupita wawili wawili. Viti vya pweza vimejibandika mchangani. Mkunga huchungulia kutoka pangoni mwake. Kasa hupita taratibu kama mzee anayetoka msikitini. Na pono, yule tunayemsingizia usingizi, anafanya kazi mchana kutwa: anatafuna mawe ya matumbawe ili apate mwani, kisha anayatoa yakiwa mchanga. Sehemu kubwa ya mchanga mweupe tunaoutandikia taulo ufuoni imepitia tumboni mwa samaki kama huyo.

Kwa nini usisimame

Sasa turudi kwenye lile sharti.

Matumbawe si mawe. Ni wanyama wadogo wengi walioshikamana, wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao hukaa mwani mdogo usioonekana kwa macho, na huo ndio unaowapa rangi na sehemu kubwa ya chakula. Aina za mviringo hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Tumbawe lenye kimo cha mita moja huenda lilianza kukua kabla ya babu yako kuzaliwa. Unyayo mmoja wa mtu aliyeshtuka hulimaliza kwa sekunde moja.

Isitoshe, matumbawe haya yamekwisha kuonja mauti. Mwaka 1998, wakati wa El Nino, maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi. Joto likizidi kwa majuma kadhaa, matumbawe huutapika ule mwani, yakageuka meupe na kufa kwa njaa. Katika sehemu nyingi za pwani ya Kenya zaidi ya nusu ya matumbawe hai yaliangamia mwaka huo. Joto lilirudi mwaka 2016, na tena mwaka 2024. Tunayoyaona leo ni manusura, pamoja na machipukizi yao.

Upande wa Wasini, wanakijiji wakishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI) wamekuwa wakipandikiza vipande vya matumbawe kimoja kimoja kwa mkono, kama mtu anayepanda viazi.

Kuna deni jingine. Mbuga hii ilipotengwa katika miaka ya 1970, wavuvi wa Shimoni na Wasini walinyimwa maji waliyovua tangu enzi za mababu zao. Wengi walinung'unika, na kinyongo hicho hakijaisha chote. Kama mgeni atakuja kukanyaga na kuvunja kile ambacho mwenyeji amekatazwa hata kukitupia ndoana, mwenyeji atauliza, na ana haki ya kuuliza, alinyimwa kwa faida ya nani.

Hapa ndipo jaketi linapookoa mara mbili. Watu wengi hawayakanyagi matumbawe kwa ujeuri. Huyakanyaga kwa hofu. Asiyejua kuogelea akimeza maji mara moja tu, miguu hutafuta mahali pa kutua, na pa karibu ni juu ya tumbawe. Aliyefungwa jaketi barabara hana haja ya kutua. Akichoka hujilaza chali akapumzika. Mtoto amesalimika, na tumbawe limesalimika.

Mwenyewe pia utafaidika. Ncha za matumbawe hukata kama wembe na kidonda chake hukawia kupona. Kati yake hujificha viumbe wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia unyayoni. Ukikwaruzika, safisha kwa maji safi na utie dawa siku hiyo hiyo.

Mchana Wasini

Safari nyingi humalizikia Wasini kwa chakula: kaa, samaki wa kupaka na wali wa nazi. Kabla ya kuondoka, pitia njia ya mbao inayosimamiwa na kikundi cha kina mama wa kijiji, inayopita juu ya miamba ya matumbawe ya kale na mikoko. Kiingilio chake ni kidogo na husaidia mahitaji ya kijiji. Hiki ni kijiji cha Kiislamu. Jifunge leso juu ya nguo za kuogelea, na uombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Usibebe kombe wala kipande cha tumbawe, hata kilichokufa. Watoto waelezwe hilo mapema ili wasiaibike wakipekuliwa gatini.

Mwalimu au mzazi anayepanga safari ya Disemba anaweza kuanza maandalizi leo kwa kuwapeleka watoto kwenye bwawa la karibu wajizoeze kuelea kifudifudi na kupumua kwa mdomo. Na siku ya kurudi, aangalie magoti na nyayo zao. Mtoto aliyetoka majini bila mkwaruzo, yaelekea ameiacha na bustani bila mkwaruzo.