Ndege za kivita za mezani: Ufundi unaoweza kuhadaa macho

WAHENGA walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Kauli hiyo yaafiki ufundi wa kuunda ndege ndogo za kivita na kuzipiga picha hadi mtazamaji akadhani zimeegeshwa katika kambi ya jeshi.

Kwa Mkenya, ufundi huu una faida ya pekee. Sheria hairuhusu kupiga picha kambi za kijeshi bila idhini. Raia hawezi kujiendea Laikipia kupiga picha ndege za F-5, ambazo Kenya ilianza kuzipokea mwaka 1978. Mfano wake, hata hivyo, anaweza kuuunda nyumbani.

Machakos si wageni wa kazi za mikono. Wamunyu, katika kaunti hiyo, imevuma kwa miaka mingi kutokana na vinyago vya mbao. Mchonga twiga na muunda ndege wanategemea jambo moja: uwiano wa vipimo.

Ndege ya F-5E ina urefu wa takriban mita 14.45, na mabawa yake yana upana wa mita 8.13. Katika kipimo cha 1:72, kinachopendwa na wengi, vipimo hivyo huwa sentimita 20 na 11.3. Vipande vya plastiki hukatwa, hulainishwa kwa msasa na kuunganishwa kwa gundi. Asiye na plastiki huchonga mbao laini.

Rangi huchanganywa na nyeupe kidogo, kwa sababu ndege halisi hutazamwa kutoka mbali, na hewa yenye vumbi huififisha. Mng'aro pia hupunguzwa, kwani huufichua udogo wa chombo.

Kazi ya picha ina masharti yake. Kwanza ni kimo cha jicho. Mtu wa mita 1.7 angekuwa na sentimita 2.4 pekee katika kipimo hicho. Kwa hivyo lenzi hushushwa hadi karibu na meza. Anayepiga picha kutoka juu huonyesha kitu cha kuchezea.

Pili, ndege yote yapasa kuonekana wazi, kutoka pua hadi mkia. Lenzi iliyo karibu mno na kitu huonyesha sehemu moja na kutia ukungu nyingine. Dawa yake ni kupunguza tundu la lenzi, kisha kuiweka kamera kwenye stendi ili isitikisike mwanga ukiingia polepole. Simu nayo hufaa, kwani lenzi yake ndogo haitii ukungu mwingi.

Tatu ni mwanga. Jua ni moja, hivyo kivuli kiwe kimoja. Machakos iko karibu na Ikweta, na adhuhuri jua huwa karibu utosini. Asubuhi au alasiri hufaa zaidi. Meza ikitolewa nje, ukingo wake huficha vilivyo karibu, navyo vilima vya Iveti vikawa mandhari ya nyuma.

Mwisho ni udongo. Chembe ya mchanga ya milimita 1 huonekana kama jiwe la sentimita 7.2. Vumbi jekundu lazima lichekechwe kwa kitambaa chepesi.

Ustadi huu una hatari zake. Februari 2005, kundi moja nchini Iraq lilidai mtandaoni kwamba limemteka mwanajeshi wa Marekani, likatoa picha yake. Habari hiyo ilienea duniani. Jeshi la Marekani lilisema hakuna askari wake aliyetoweka, na kampuni ya Dragon Models ikaeleza kwamba aliyeonekana alifanana na mwanasesere wake.

Picha nzuri ya ndege ya mezani yaweza kuzua taharuki vivyo hivyo, hasa wakati wa vita. Yampasa fundi aandike chini ya picha kwamba huo ni mfano, na ataje kipimo chake. Naye mtazamaji, kabla ya kuisambaza, avichunguze vivuli, ukungu na chembe za mchanga chini ya magurudumu.