Miezi Sita ya Dawa za Kifua Kikuu

Mgonjwa wa kifua kikuu akishameza dawa kwa wiki kadhaa, mara nyingi homa hushuka, hamu ya kula hurudi na kikohozi hupungua. Hapo huja swali la haki kabisa: kama nimepata nafuu, miezi yote iliyobaki ni ya nini? Jibu limo katika maisha ya bakteria mwenyewe. Huyu hujigawa polepole, mara moja kwa saa 20 hivi, na hujivika ukuta mzito wenye mafuta. Isoniazidi huzuia utengenezaji wa mafuta hayo, na ethambutoli huzuia sukari zinazoushikilia ukuta. Lakini dawa inayozuia ujenzi humdhuru anayejenga. Bakteria waliozubaa, wasiokua wala kujigawa, dawa hizo haziwapati sawasawa, na hao ndio huurudisha ugonjwa baadaye. Rifampisini huziba mashine inayonakili maagizo ya jeni, hivyo huwanasa hata wanaozinduka kwa muda mfupi tu. Pirazinamidi hufanya kazi vizuri penye asidi, mahali ambapo dawa nyingine hulegea. Kuchanganya dawa kuna sababu nyingine pia: takriban bakteria mmoja kati ya milioni huwa sugu kwa isoniazidi kwa asili, lakini kumpata aliye sugu kwa isoniazidi na rifampisini kwa pamoja ni nadra mno.

Ushahidi mkubwa wa umuhimu wa rifampisini katika mseto huu ulitoka hapa kwetu Afrika Mashariki, katika majaribio yaliyoanza kuchapishwa mwaka 1972, enzi ambapo tiba ilichukua miezi 18 au zaidi. Waliopewa streptomaisini na isoniazidi pekee kwa miezi sita, zaidi ya robo yao waliugua tena. Ilipoongezwa rifampisini, waliougua tena walikuwa kama 3 tu katika kila 100. Mtu anaweza kudai kwamba basi, hata kwa tiba ile dhaifu, wengi walipona, kwa hiyo tunawatesa wengi kwa ajili ya wachache. Hoja hiyo ina uzito, maana dawa hizi huweza kuumiza ini na kuchosha mwili. Tatizo ni kwamba hakuna kipimo cha kuaminika kinachomtambua mapema atakayeugua tena. Makohozi safi hayatoshi: majaribio ya tiba ya miezi minne yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa makohozi yanaweza kusafika haraka zaidi, na bado ugonjwa ukawarudia wengi kuliko waliotumia miezi sita.

Je, miezi sita basi ni sheria isiyovunjika? La. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti mwingine wa miezi minne, safari hii wenye rifapentini na moksifloksasini pamoja na isoniazidi na pirazinamidi, na matokeo yake hayakuwa duni kuliko ya miezi sita. Kilichofupisha muda ni mseto unaowafikia mapema zaidi bakteria waliozubaa. Anayeacha vidonge vya miezi sita katika mwezi wa pili kwa sababu amepata nguvu hajapata tiba hiyo fupi. Amewaacha bakteria hao hao walio wagumu kuuawa.