Nyumba Njema si Mlango: Kazi ya Kuwatafutia Watu Makao Isiolo

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Atakaye kuijua kweli ya methali hii na afunge safari mpaka Isiolo, mji ulio kaskazini ya Mlima Kenya, pale nchi ya mashamba inapokoma na nchi ya ngamia inapoanza. Nyumba ya asili ya wafugaji wa huko haina mlango wa nakshi kama wa Lamu. Ni fito zilizopindwa zikafanywa kuba, zikafunikwa mikeka na ngozi, na siku ya kuhama hufunguliwa zikapakiwa juu ya ngamia. Tena mjenzi wake si fundi, ni mama. Kwa Waborana, Wasomali na Warendile, mwanamke ndiye aijengaye nyumba na ndiye aihamishaye.

Hapo ndipo inapoanza kazi ngumu ya wale waliochagua kuziendeleza jamii za mijini na kutafuta nyumba ambazo mnyonge anazimudu. Wengi hudhani kazi hiyo ni saruji na mabati. Waama, saruji huja mwisho. Kwanza sharti ijulikane mtu huyu alifikaje hapa, na ardhi anayoikalia ni ya nani.

Isiolo haikukua kama miji yetu ya pwani, iliyojikusanya pembeni mwa bandari na misikiti yake. Wakoloni waliifanya karantini ya mifugo na makao ya utawala wa kaskazini. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, askari wa Kisomali waliolitumikia jeshi la Kiingereza wakapewa ruhusa ya kukaa. Wakaja pia Waborana, Wameru, Waturkana na Wasamburu. Kisha vita vya Shifta, vya 1963 hadi 1967, vikawafilisi wafugaji wengi, na ukame ukamalizia. Aliyepoteza wanyama alikimbilia mjini. Mitaa kama Bula Pesa, Kambi Garba na Kulamawe ikajaa watu, na wengi wao hawakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba pale ni pao.

Msomaji wa Mombasa hatashangaa. Huku kwetu watu wameishi miaka na mikaka katika nyumba bila ardhi: kuta ni zako, udongo ni wa mwingine, na kila mwezi unalipa kodi ya uwanja. Isiolo ardhi ilikuwa ya amana, ikishikwa na baraza la wilaya kwa niaba ya wananchi. Watu waligawiwa viwanja kwa barua tu. Kiwanja kimoja kikatolewa barua mbili, na jirani akawa hasimu wa jirani.

Mambo yalizidi ukali tarehe 2 Machi 2012, ulipozinduliwa huko Lamu mpango mkubwa wa bandari, barabara na reli, na Isiolo ikatajwa kuwa njia panda yake. Bei ya viwanja ikapanda. Aliyekaa kwa babu yake akaanza kuulizwa hati.

Basi ofisa wa maendeleo ya jamii afanye nini? Huanza kwa miguu. Huenda nyumba kwa nyumba akihesabu watu, kisha huketi chini ya mgunga na wazee, wajane na vijana, mpaka wakubaliane mpaka wa kila mmoja. Orodha hubandikwa hadharani ili mwenye ubishi aseme mapema. Na jina la mama lisipoandikwa katika hati, yule aliyeijenga nyumba tangu zamani atajikuta mgeni ndani ya nyumba ya mawe.

Mfano uko karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakazi wa Tanzania Bondeni, mjini Voi, walichagua kuishika ardhi yao kwa pamoja. Mtu aliweza kuuza nyumba yake, lakini si ardhi. Sisi tunaojua wakfu twaifahamu hekima hiyo: kisichouzwa hakimponyoki mnyonge.

Limebaki la fedha. Katiba ya 2010 inampa kila Mkenya haki ya makao ya kufaa, na sheria ya Machi 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Lakini akina mama wa Isiolo wanaopeleka maziwa ya ngamia Eastleigh kwa basi hawana hati ya mshahara. Wana pato la kila siku, hawana karatasi ya kulithibitisha. Tena wengi wao ni Waislamu wanaoiogopa riba, hivyo mkopo wa kawaida si njia kwao. Nyumba iliyojengwa bila kuwauliza watu hawa itapata mpangaji mwingine mwenye uwezo, nao watabaki wakiitazama kwa mbali.

Kwa hivyo kazi hii haitaki elimu ya chuo peke yake. Yataka subira ya kusikiliza kabla ya kuchora. Mlango mzuri fundi yeyote ataupasua. Lakini nani atakayeingia na kulala humo bila hofu ya kufukuzwa, hilo ndilo la kuulizwa kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa.