Watoto Wetu na Rangi Zao: Malezi Yanayoanzia Nyumbani

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kwa lugha na rangi mbalimbali, akazijaalia tofauti hizo kuwa miongoni mwa ishara Zake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo.

Leo tunakusudia kulizungumzia jambo ambalo wengi wetu tunaoishi hapa Uingereza huliahirisha mpaka mtoto arudi kutoka shuleni akiuliza kwa nini mwenzake amekataa kukaa naye. Jambo hilo ni ubaguzi wa rangi.

Wapo wazazi wasemao, "Mtoto bado mdogo, tusimtie maneno kichwani." Nia yao ni njema, lakini mtoto hangojei ruhusa yetu ili aione rangi. Katika miaka ya 1940, huko Marekani, wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wa miaka 3 hadi 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Walipoulizwa yupi mzuri na yupi mbaya, wengi wa watoto hao walimsifu mweupe na kumkataa mweusi, ilhali mweusi ndiye aliyefanana nao. Mtoto huokota mafunzo ya namna hiyo katika macho ya watu, katika picha na katika maneno ya pembeni. Mzazi anaponyamaza, nafasi yake hushikwa na mwalimu mwingine asiyemjua.

Basi tuseme nini nao? Kwa aliye mdogo, yatosha kuitaja rangi yake kwa uwazi na kwa furaha, kama tunavyotaja macho yake na nywele zake. Akikua kidogo, tumfundishe la kufanya anapotukanwa: asirudishe tusi, aondoke, amweleze mwalimu, kisha atueleze sisi. Nasi tusimjibu, "Achana nao tu." Neno hilo humwonyesha kwamba maumivu yake hayana uzito. Tumsikilize mpaka amalize, tuandike tarehe na maneno yaliyosemwa, kisha tuiandikie shule kwa adabu na kwa uthabiti. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inakataza shule kumbagua mwanafunzi kwa sababu ya rangi au asili yake. Kudai haki hiyo si ugomvi.

Aliyebaleghe anahitaji historia pia, ili ajue kwamba haki anazozikuta leo zilipiganiwa. Tumsimulie habari za Bristol mwaka 1963, ambako kampuni ya mabasi ilikataa kuwaajiri watu weusi na Waasia kuwa madereva na makondakta. Watu wa asili ya Karibiani waishio mjini humo, wakiungwa mkono na wenyeji wengi weupe, waliyasusia mabasi hayo kwa takriban miezi minne, mpaka katazo lile likaondolewa. Mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kwanza ya nchi hii dhidi ya ubaguzi wa rangi. Kisa hiki kina mafunzo mawili: dhuluma huondoshwa kwa subira yenye vitendo, na si kila mweupe ni adui.

Hata hivyo, waheshimiwa, somo zito zaidi limo ndani ya nyumba zetu. Pwani yetu nayo ina historia yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukaondolewa kisheria mwaka 1897. Lakini yapo majina ya dharau ya zama zile yangali ndimi mwetu, tukiyaita mzaha. Binti husifiwa uzuri kwa kuwa ni mweupe, na dada yake huonewa huruma. Mkorogo unauzwa na kununuliwa miongoni mwetu. Posa ya kijana mwenye dini na tabia njema hukataliwa kwa sababu ya nywele zake au asili ya babu yake. Mtoto aketiye pembeni anayasikia yote hayo. Tutamwambiaje kesho kwamba aliyemdharau shuleni amekosa?

Tukumbuke kisa cha Abu Dharr (R.A.). Alimwaibisha mtu kwa kumtaja mama yake, na zipo riwaya zisemazo kuwa mtu huyo alikuwa Bilal (R.A.). Mtume (S.A.W.) hakuunyamazia ulimi ule, ijapokuwa ulikuwa wa sahaba wake mpendwa, alimkemea kwamba ndani yake kungali na mabaki ya ujahiliya. Ikiwa sahaba alikemewa, sisi ni nani tusikemeane mezani, mbele ya wanetu?

Mwezi huu tunafunga chakula na kinywaji. Tuufunge na ulimi. Usiku wa leo, tukikaa kufuturu, lisemwapo neno la kudharau Mhindi, Msomali, Mmakonde au Mzungu, mmoja wetu alikatae kwa upole, mtoto akisikia. Huo ndio utakuwa mwanzo wa somo.

Ewe Mola wetu, zisafishe nyoyo zetu na kiburi cha nasaba na rangi, uwakinge watoto wetu wasidhulumu wala wasidhulumiwe. Aamin.